Ukumbi wa Pili

Kazi yangu huanza majina yanapopanda.
Taa nusu, muziki unajiimbia peke yake,
nami mlangoni na ufagio, ndoo, mfuko mweusi,
nahesabu vichwa vinavyotoka.
Ramsgate, Jumatano, onyesho la saa nane,
bei ya wazee, chai na biskuti ndani ya tiketi.

Wiki nzima ni ile ya vita:
vijana ufukweni, laki na laki,
migongo kwa adui, nyuso kwa maji.
Nimeisikia mara kumi na moja kupitia ukutani,
sijaitazama hata mara moja.
Najua ndege inapopiga mbizi
kwa jinsi makopo yanavyotetemeka kabatini.
Najua boti ndogo zimefika
kwa vile ukumbi mzima hupenga kamasi.
Kisha hutoka wamenyooka mabega
kama wao ndio waliokwenda kuwachukua,
na nyuma yao bisi, bisi, bisi,
mpaka kwenye mikunjo ya viti.

Leo mmoja hakutoka.
Safu ya sita, kiti cha pembeni,
koti la mvua limefungwa hadi kidevuni,
mkoba magotini.
Nikadhani kalala. Wengine hulala.
Nikadhani na lile jingine, maana nalo limewahi kutokea.

Samahani, mama, imekwisha.

"Nasubiri waonyeshe," akasema, macho mbele.
Waonyeshe nini?
"Nani aliyeiosha."

Boti ya babake, ya kuvulia kamba,
Mabel, futi thelathini, injini yenye kikohozi.
Ilirudi Jumapili, safari ya tatu.
Baba hakusema neno. Akavua viatu,
akalala na soksi zake siku mbili.
Mama akabandika maji.
Magadi, brashi mbili, moja ya sakafu ya jikoni.
"Nilikuwa na miaka tisa.
Akaniambia, wewe shika juu, mimi nashika chini.
Chini hakuniruhusu.
Juu niliokota kifungo, nusu ya barua,
na jino, nikalitia mfukoni
nikidhani ni ganda la konokono."

Majina bado yanapanda.
Walioshona sare. Waliopika chakula.
Aliyemshikia mwavuli mtu fulani.

"Tulichemsha sufuria baada ya sufuria," akasema.
"Mama hakuwa mvivu.
Lakini damu, mpenzi
(mji huu kila mtu huniita mpenzi),
damu na maji ya moto —"

Huivia ndani, nikasema.

Hapo ndipo aliponigeukia.

Maji baridi, nikasema. Na chumvi. Na usiharakishe.
Miaka mitatu wodi ya upasuaji, Margate,
zamu ya usiku; na kabla ya hapo mama yangu,
bombani, mlango umefungwa,
siku niliyodhani nakufa.

"Maji baridi," akarudia,
polepole, kama mtu anayesomewa barua
iliyochelewa kwa posta.
"Bahari nzima ilikuwa pale.
Baridi. Na chumvi yake.
Nasi tukapanda kilima na ndoo kuchemsha ya bomba."

Baba alipaka rangi kila masika.
Kila masika doa likarudi
palepale, karibu na usukani,
umbo la mtu aliyekaa.
Wakaiuza Mabel kwa mtu wa Whitstable
aliyeuliza bei tu.

Nilitaka kumwambia kitu.
Sikuwa na kitu.
Jina la mwisho likapita, skrini ikabaki nyeupe,
nyeupe ya shuka ambalo halijalaliwa.
Nje sauti za foleni ya saa kumi na moja,
mtoto analilia aiskrimu,
na meneja ananiita kwa jina asiloliweza.

Bi Edna hakuinuka.
Alitazama chini, akaona bisi,
akaona ufagio wangu umesimama,
akainua miguu yote miwili kwa pamoja,
juu, kama mtoto,
nipitishe chini yake.